Kura hulindwa kituoni, kabla fomu haijaondoka

Kila ninapofundisha mawakala wa vyama hapa Dodoma, swali la kwanza huwa la majumuisho: nani atakaa ukumbini jimboni, nani atafuatilia matokeo kule Tume, Njedengwa. Mimi huwarudisha kwenye darasa la shule ya msingi, Chang'ombe au Mvumi, saa kumi jioni kituo kinapofungwa. Kwa sheria yetu kura huhesabiwa palepale zilipopigwa. Jimboni zinajumlishwa fomu tu, na kosa lililotoka kituoni litajumlishwa kama lilivyo.

Aliyefika kwenye foleni kabla ya saa kumi atapiga kura yake. Baada ya hapo, msimamizi wa kituo haanzi na sanduku. Anaanza na karatasi ambazo hazikutumika, kisha zile zilizoharibika, yaani mpiga kura alikosea akairudisha akapewa nyingine. Wakala ambaye yuko macho tangu alfajiri, njaa inamuuma, ndipo anapotoka nje kupiga simu. Asitoke! Hesabu hizo ndizo zitakazompa namba ya kulipima sanduku.

Tuseme kituo kilipokea karatasi 450 za urais. Zisizotumika ni 118, zilizoharibika 3. Sandukuni tunatarajia 329. Lakiri zikaguliwe mbele ya mawakala, sanduku lifunguliwe, karatasi zimwagwe mezani, zitenganishwe kwa kila mgombea. Mwezi wa kumi upepo wetu hauna simile, kwa hiyo milango na madirisha yafungwe kabla ya kumwaga, maana karatasi ikipeperukia chini ya dawati, ubishi wake hauishi usiku ule. Mwishoni, kura halali ukijumlisha na zilizokataliwa, mathalani 322 na 7, lazima zirudi kwenye ile 329.

Zikipatikana 327, usikimbilie kupiga kelele. Angalia kwanza kama mbili zimetumbukizwa kwenye sanduku la ubunge au la udiwani, jambo la kawaida watu wanapopiga kura tatu kwa mkupuo. Na wapo wanaoondoka na karatasi mfukoni. Zikiwa 331, na masanduku mengine hayana upungufu, hilo ni jambo zito. Karatasi haizaliani. Hapo wakala aombe zihesabiwe upya, na zikibaki vilevile aandike malalamiko yake kabla hajasaini chochote.

Kwenye kura zenye utata ndiko mawakala hugombana zaidi, na mara nyingi bila sababu. Sheria inatazama nia ya mpiga kura. Bibi aliyechora duara au msalaba badala ya alama ya vema, akaielekeza bila shaka kwa mgombea mmoja, kura yake ni halali. Hata alama ikiwa imetoka nje ya kisanduku, haifi kwa sababu hiyo peke yake. Inayokataliwa ni ile isiyo na alama yoyote, iliyochagua wawili, isiyo na alama rasmi, au ambayo mpiga kura ameandika jina lake kiasi cha kujulikana. Nawasihi mawakala waitetee kura halali ya mpinzani kama wanavyoitetea yao. Aliyepanga foleni juani hana mtu mwingine wa kumsemea mle ndani.

Kisha fomu za matokeo, ambazo mawakala wa siku nyingi wanazijua kama 21A ya urais, 21B ya ubunge na 21C ya udiwani. Tarakimu ikikosewa, ikatwe kwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke, na msimamizi na mawakala wasaini pembeni. Malawi ilijifunza kwa gharama kubwa: Februari 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta uchaguzi wa rais wa 2019, na miongoni mwa ushahidi ni fomu zilizopakwa wino mweupe wa kufutia. Wakala akikataa kusaini, matokeo hayabatiliki kwa hilo tu. Kukataa bila kuandika sababu hakumsaidii mtu.

Nakala moja wakala anaondoka nayo, nyingine inabandikwa kituoni. Mgombea ubunge anayepinga matokeo atakwenda Mahakama Kuu, na nakala hizo ndizo atakazozilinganisha na jumla ya jimbo. Kwa urais, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa aliyetangazwa na Tume, ingawa mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilisema kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Ndiyo maana naitaka Tume iweke mtandaoni fomu ya urais ya kila kituo. Kenya walifanya hivyo mwaka 2022 kwa fomu zao 34A, na raia wa kawaida waliketi na simu zao wakajumlisha wenyewe.