Maua ya shaba hayakuzoea shaba

Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Kila mwaka, tukifika kwenye somo la mageuzi ya viumbe, nakutana na kitenzi kilekile: kuzoea. Mwanafunzi anasema mmea umezoea udongo. Mzazi anasema mwili wa mtoto umezoea dawa. Jirani anasema mbu wamezoea chandarua. Kitenzi hicho kinamfaa mtu aliyehama Kinshasa akaizoea baridi yetu ya Juni, lakini kwenye mageuzi kinapotosha, na makosa mengi ninayosahihisha madaftarini mzizi wake ni hapo.

“Mimea ya vilima vya shaba ilizoea sumu”

Aliyetembea Katanga anavijua vile vilima ambako msitu wa miombo unakoma ghafla na kuacha nyasi na maua mafupi. Ardhi yake imejaa shaba na kobalti, kwa kiasi cha kuua mimea mingi tunayoipanda mashambani. Huko ndiko huota Haumaniastrum katangense, mmea wa jamii ya mnanaa unaojulikana kama ua la shaba, maana watafuta madini waliutumia kama alama ya mahali pa kuchimba. Huota hata penye mabaki ya tanuri za mababu waliofua shaba kabla ya ukoloni, na wanaakiolojia wamezigundua baadhi ya tanuri hizo kwa kufuata maua. Kuna mimea karibu aina 30 ya vilima hivyo isiyopatikana mahali pengine popote duniani.

Wanafunzi wangu hueleza hivi: mmea ulifika kwenye shaba, ukateseka, ukajikaza, ukazoea, kisha ukawarithisha watoto wake uzoefu huo. Ni hadithi tamu, lakini sivyo ilivyokuwa. Mbegu isiyo na kinga ikiangukia kwenye shaba nyingi hufa, na iliyokufa hairithishi kitu.

Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Anthony Bradshaw, na wenzake walilichunguza jambo hili kwenye migodi ya zamani ya Wales. Mbegu za nyasi za malisho ya kawaida, nyasi ambazo hazijawahi kuishi penye madini, zilipandwa kwenye udongo wenye shaba. Karibu zote zilikufa. Kati ya maelfu, chache mno zilisimama zikakua. Hizo chache hazikujifunza lolote baada ya kufika. Zilikuja na ustahimilivu wao, kwa tofauti ndogo ya kurithi iliyokuwemo ndani yao kabla mizizi haijagusa shaba. Zikazaa. Vizazi vichache baadaye udongo ule ukawa na nyasi zinazouvumilia, ingawa hakuna hata jani moja lililobadilika katika maisha yake.

Huo ndio uteuzi asilia, nao unataka mambo matatu tu: viumbe wa aina moja wawe na tofauti, tofauti hizo zirithiwe, na wenye tofauti fulani waache watoto wengi kuliko wenzao. Kinachobadilika ni kundi, kizazi baada ya kizazi. Hapo pia linaanguka dai la wale wasemao mageuzi ni bahati nasibu tupu. Mabadiliko ya jeni, yaani ya maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya kiumbe, hutokea bila kuangalia mmea unahitaji nini, hiyo ni kweli. Ila nani atakayezaa katika udongo wa shaba si bahati nasibu hata kidogo.

Nikitaka darasa lielewe kabisa, nawapeleka kwa mawazo hadi Penga Penga, upande ambao moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba ulikuwa ukielekea. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1911, na bomba lake refu ndilo sura ya mji wetu. Kwa miongo mingi vumbi la metali lilishuka kwenye udongo ule, na mimea mingi iliyokuwapo ikatoweka, ardhi ikabaki tupu kama kiganja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuifunika kwa nyasi fupi iitwayo Microchloa altera, kwa kuwa yenyewe inavumilia shaba. Kama viumbe vingekuwa vinazoea tu, Penga Penga leo ingekuwa msitu. Hitaji halizai jeni. Pasipo na tofauti ya kufaa ndani ya kundi, kundi hufa au huhama.

“Mwili umezoea dawa”

Wazazi wetu walitibu malaria kwa Nivaquine, yaani klorokwini, hadi ikafika siku vidonge havishushi homa tena. Maelezo ya mtaani yalikuwa kwamba miili yetu imezizoea. Miili yetu haikufanya kitu. Aliyebadilika ni kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, na hata yeye hakuzoea. Miongoni mwa mabilioni ya vimelea, wachache walibeba mabadiliko yaliyowawezesha kuiondoa klorokwini mahali inapofanyia kazi. Dawa iliwaua wenzao, wao wakabaki na damu yote ya mgonjwa kwa ajili yao. Mwaka 2001 Kongo iliiacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria. Na chandarua ni habari hiyohiyo: mbu wanaostahimili dawa ya kwenye nyuzi ni watoto wa mbu waliopona, si mbu waliojizoesha.

Kilichotokea Malawi, si mbali na kwetu, nakipenda sana kukisimulia. Wao waliiacha klorokwini mwaka 1993. Miaka ikapita, na vimelea sugu vikazidi kupungua, kwa sababu usugu ule una gharama: pasipo na dawa, kimelea cha kawaida hukishinda kimelea sugu. Utafiti wa Blantyre uliotolewa mwaka 2006 uliwatibu watoto kwa klorokwini ileile iliyokuwa imekwisha nguvu, na ikaponya asilimia 99.

Kwa hiyo anayedhani mageuzi ni ngazi ya kupanda kutoka kiumbe duni kwenda kiumbe bora, na aiangalie Malawi. Kilichofaa mwaka 1990 kilikuwa mzigo miaka kumi baadaye.

“Juu ya nini makako ingali iko?”

Swali hili la makako, yaani tumbili, halikosi kila mwaka. “Prof, kama tulitoka kwa makako, juu ya nini makako ingali iko?” Silichukii. Anayeuliza hivyo amefikiri.

Hakuna mwanabiolojia anayesema tulitoka kwa makako unayemwona leo mtini. Sisi na sokwe mtu tuna nkambo (babu wa zamani) mmoja, aliyeishi Afrika takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, naye hakuwa mtu wala sokwe mtu wa leo. Ukoo ukagawanyika, kila upande ukaenda na mabadiliko yake. Mimi na binamu yangu wa Likasi tuna nkambo mmoja, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini binamu yangu bado yupo.

Namna ukoo unavyogawanyika tunaiona katika nchi yetu wenyewe. Bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe mtu, wanaishi kusini mwa mto Kongo, na porini hawapo popote pengine duniani. Sokwe mtu wako ng’ambo ya pili. Wote hawaogelei. Kundi moja likatengana na lingine zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na leo ni aina mbili, hata tabia zao zinatofautiana: kwa bonobo majike ndio wenye sauti kubwa katika kundi.

“Ni nadharia tu”

Mtaani nadharia ni wazo lisilojaribiwa. Katika sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa tena na tena dhidi ya ushahidi. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo ni nadharia, na tunanawa mikono. Kwa wanaoniuliza kama wanapaswa kuchagua kati ya kanisa na somo langu, huwakumbusha kwamba Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1996 kwamba mageuzi ni zaidi ya dhana ya kukisia. Sina la kuongeza hapo.

“Mwenye nguvu ndiye hubaki”

Katika ukoo wangu tulimzika mtoto wa selimundu, ugonjwa ambao hapa wengi wanauita SS. Kwenye kilio watu walimtafuta mchawi, kisha macho yakamgeukia mama yake. Siku ile nilinyamaza, na mpaka leo ninajuta.

Jeni ya ugonjwa huu ina badiliko la herufi moja tu. Mtoto akiirithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Zamani wengi walikufa kabla ya miaka mitano. Sasa, kama uteuzi asilia ungekuwa ni kuwafuta wadhaifu, jeni hii ingekuwa imekwisha siku nyingi. Mbona karibu Mkongomani mmoja kati ya wanne anaibeba?

Jibu liliandikwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mtu aliyerithi jeni moja tu, yaani AS, kwa kawaida haugui selimundu, na akiwa mtoto malaria kali humkosa mara nyingi zaidi kuliko AA, asiye na jeni hiyo kabisa. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Katika nchi ya mbu, watoto AS walivuka utoto kwa wingi, wakazaa, na jeni ikaendelea. Damu yao haikuizoea malaria. Watoto wengine ndio waliokufa kwa malaria. Kufaa hakupimwi kwa misuli: kunapimwa kwa mahali ulipo na watoto unaowaacha, na mahali pasipo na malaria jeni hiyohiyo haina faida yoyote.

Basi yule mama hakuwa peke yake. Mtoto SS amepokea nusu kwa mama na nusu kwa baba, na mara nyingi wote wawili wana afya njema bila kujua wanachobeba mpaka damu ipimwe maabara. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS, mbili za mtoto AS, moja ya mtoto AA. Na hesabu huanza upya katika kila mimba: kumzika mmoja hakumkingi anayefuata.