Msimu wa kusi na droni zisizorudi

Kusi limeshika, na simu za watu waliopoteza droni pwani zimeanza. Wengi hujitetea kwamba chombo kilikuwa na GPS. GPS huijulisha droni ilipo. Haiipi nguvu ya kushindana na upepo.

Tuseme droni yako hukata mita 12 kwa sekunde hewani, na upepo ni mita 8. Ukiirusha upepo ukiisukuma, kilomita moja inaisha chini ya dakika moja. Kurudi inabakiwa na mita 4 kwa sekunde: zaidi ya dakika nne, betri ikiliwa. Basi anza kwa kuukabili upepo, urudi ukisukumwa nao. Droni kadhaa za gramu 249 zimekadiriwa na mtengenezaji kuhimili hadi mita 10.7 kwa sekunde, na upepo wa ghafla wa kusi huweza kupita hapo.

Upepo unaokupiga usoni ufuoni kwa kawaida ni mdogo kuliko ule wa mita 100 juu. Kitufe cha kurudi nyumbani mara nyingi huipandisha droni kwanza hadi kimo ulichoweka, yaani kwenye upepo mkali zaidi. Weka kimo kinachopita minazi na majengo tu, si zaidi. Ikishindwa kusonga dhidi ya upepo, ishushe wewe mwenyewe kwa rimoti ndipo uiongoze. Isiposogea bado, itue mahali wazi pasipo watu wakati betri ingalipo. Rusha asubuhi: alasiri upepo wa bahari huongeza nguvu ya kusi.

Kuhusu sheria, nawaomba msome kanuni za droni za Kenya za mwaka 2020 wenyewe badala ya kuulizana mitandaoni. Droni husajiliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya. Kimo cha juu ni futi 400, karibu mita 120. Hairushwi ndani ya kilomita 10 za viwanja vikubwa vya ndege, au 7 kwa vidogo, bila idhini. Wageni wa Diani wakumbuke kiwanja cha Ukunda kiko jirani. Anayelipwa kupiga picha za harusi anafanya biashara, na biashara ina masharti yake zaidi. Kukiuka kunaweza kuleta faini, kifungo au vyote viwili. "Upepo uliipeleka" si utetezi, maana kukagua hali ya hewa kabla ya kurusha ni jukumu la rubani.

Ikianguka kwenye paa la mtu, usitoroke. Andika saa, mahali na kimo, mweleze mwenye nyumba, kisha utoe taarifa KCAA. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, usipande. Piga simu Kenya Power.