Maji kwenye barafu hayapunguzi ubaridi wa bia
Wengi wanaotengeneza bia nyumbani na kuigawa uani kwa bomba huambiwa hivi: barafu ikiyeyuka kwenye beseni lenye pipa la bia, mwaga maji yote, bakiza barafu tupu, ndipo bia ibaki baridi. Si kweli. Chungulia ndani ya beseni: vipande vya barafu vinaligusa pipa la chuma hapa na pale tu, na katikati yake ni hewa, ambayo hupitisha joto kwa shida. Maji hujaza mapengo hayo na kulizunguka pipa zima, nayo hubaki karibu na nyuzi 0 za Selsiasi maadamu barafu imo. Ni kweli, mwanzoni barafu huyeyuka upesi zaidi, lakini hapo ndipo inapofanya kazi: kila kilo ikiyeyuka hufyonza joto la kilojuli 334 hivi, na sehemu kubwa hutoka kwenye bia.

Pipa langu la lita 19 nalizamisha hadi usawa wa bia, kivulini, kisha nalifunika kwa blanketi. Chumvi siweki, inaweza kuigandisha bia. Mpira wa kutolea bia nao uwe barafuni. Ukiachwa juani, glasi ya kwanza ni povu tupu.