Dhana potofu kuhusu kumsikiliza Mungu katika maombi

Dhana: Mwombaji hodari ni yule anayesema sana.

Kwenye mikesha ya Ijumaa hapa Dar es Salaam, anayesifiwa ni yule ambaye ikifika alfajiri sauti imemkauka. Mkesha si kosa. Nimekesha miaka mingi na nitaendelea. Lakini katika Mathayo 6:7 Yesu anatuonya tusipayuke-payuke, na mstari unaofuata anataja sababu: Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Tusiojua ni sisi. Tunapiga hodi, tunaeleza shida zetu tukiwa mlangoni, kisha tunageuka kabla ya kusikia "karibu".

Dhana: Mungu akisema, lazima kuwe na kishindo.

Nabii Eliya alijibiwa kwa moto pale mlima Karmeli. Sura moja mbele, 1 Wafalme 19, ukapita upepo, tetemeko na moto, na BWANA hakuwamo. Ikaja sauti ndogo, ya utulivu, nayo ilimuuliza swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Katika maombi yako ya jana, Mungu angepata wapi nafasi ya kukuuliza kitu?

Dhana: Kusikia ni kazi ya nabii au mchungaji.

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Naona mama anapanda daladala mbili kutoka Mbagala, anapanga foleni nusu siku ili aambiwe Mungu anasema nini juu ya ndoa yake, na Biblia yake iko nyumbani kabatini.

Soma 1 Samweli 3. Mtoto Samweli anaitwa usiku, na mara tatu anamkimbilia kuhani Eli. Eli angeweza kumwambia, "Kaa hapa, mimi nitakusikilizia." Hakufanya hivyo. Alipotambua kuwa ni BWANA anayeita, alimrudisha mtoto akalale mahali pake na kumfundisha la kujibu. Mara ya nne Samweli akasema, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Mchungaji mwema hukurudisha mahali pako ukasikilize.

Na hao manabii wenyewe hawakuwa na majibu ya papo kwa papo. Katika Yeremia 42 watu walimwomba nabii awaulizie kwa Mungu kama waende Misri. Neno lilimjia Yeremia baada ya siku kumi. Lilipokuja likiwakataza, walimwita mwongo wakaenda, maana moyoni walishaondoka zamani. Wapendwa, kuna maombi mengi ya namna hii: tumeshaamua, tunatafuta muhuri tu.

Dhana: Kila wazo linalonijia nikiomba ni sauti ya Mungu.

Hapana. 1 Yohana 4:1 inatuagiza tuzijaribu roho. Kijana akisema "Mungu ameniambia wewe ni mke wangu", binti ana haki ya kupima. Je, linapatana na Maandiko? Je, waumini waliokomaa wanaliona hivyohivyo? Neno la Mungu haliogopi kupimwa.

Dhana: Katika jiji hili hakuna utulivu wa kusikiliza.

Kelele zipo kweli: bodaboda, muziki wa baa, jirani na redio yake. Lakini Kapernaumu nako mji wote ulijaa mlangoni jioni, na alfajiri Yesu akatoka kwenda mahali pasipo watu kuomba (Marko 1:33–35). Wanafunzi walipomfuata wakisema watu wote wanamtafuta, aliwajibu waende vijiji vingine. Umati ulikuwa na mpango wake. Yeye alitoka kwenye maombi akijua njia nyingine.

Mimi huamka saa kumi na nusu, kabla ya adhana. Simu naiacha chumba kingine. Nasoma zaburi moja polepole, naomba kwa maneno machache, kisha nakaa kimya dakika kumi. Siku nyingi nasikia feni na majogoo tu. Siku nyingine linanijia jina la mtu niliyemkosea na halitoki, na kunapokucha nampigia kabla sijaenda kazini.