Nyumba ya Molo, baridi, na hakuna gesi ya bomba

Juzi nilikuwa Molo, huku juu kwenye baridi ya Kenya, kwa nyumba ya mama mmoja, nyumba ya mawe, mabati juu, siling hakuna, akaniuliza fundi, ninunue hita gani? Nikamwambia mama, kwanza tuangalie juu. Mwanga wa jua unapenya ukingoni mwa mabati pande zote, sasa hapo hata ulete hita kubwa namna gani joto linapanda na kutokea huko huko. Siling kwanza, mlango uzibwe chini, halafu ndio tuongee hita.

Huku kwetu gesi ya bomba hakuna, kwa hivyo ni stima, mtungi ama kuni. Hita ya stima ya kilowati 2, ukiiwasha masaa 5 kila jioni, ni uniti 10 kwa siku, 300 kwa mwezi, wewe piga hesabu na bei ya tokeni. Mtungi wa kilo 13 kwa hita ya kilowati 3 unakupa kama masaa 55, yaani siku 11 hivi ukitumia masaa hayo hayo. Na zile hita za gesi za kusukuma kwa magurudumu, zisizo na bomba la moshi, kila kilo ya gesi ikiungua inamwaga zaidi ya lita moja na nusu ya maji hewani kama mvuke, ndio maana asubuhi unakuta madirisha yanatiririka na ukuta unaanza kuota ukungu.

Mimi kwa Molo, Mau Narok, huko juu kote, nasema jiko la chuma la kuni, lenye mlango na chimni. Ile faya plesi ya wazi ya nyumba za settla, wale wazungu wa zamani, inapendeza kuangalia lakini joto jingi linapanda na chimni, na inavuta baridi ya nje iingie ndani. Kuni nazo zikauke! Mkalitusi uliokatwa jana karibu nusu ya uzito wake ni maji, upasue, upange mahali pamezuiwa mvua na upepo unapita, miezi 6 ama zaidi, ukigonganisha vipande viwili vikalia ka! basi ziko tayari, vikilia du bado.

Na tafadhali, jiko la makaa usilale nalo ndani. Makaa yakishashika na moshi kuisha watu hudhani sasa ni salama, kumbe kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, na inaua watu usingizini. Yule mama lake alikuwa ameliweka kwa koridoo, hatua mbili kutoka mlango wa watoto. Nililibeba nje mwenyewe kabla sijatoa hata tepu ya kupima chimni.