Mtikisiko wa majukwaa, minara na madaraja: dhana potofu na ukweli

Ukisimama ufuoni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utayaona majukwaa ya chuma ya San Marco yamesimama baharini. Huko ndiko satelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Mawimbi huitikisa ile miguu ya chuma usiku na mchana, na mazungumzo juu ya mitikisiko ya namna hiyo yamejaa makosa yanayonikera.

Dhana: Kinachotikisika kinakaribia kuanguka.
Mnazi hutikisika miaka na miaka. Hatari huja pale msukumo unapofuata mwendo wa kitu chenyewe, na mtikisiko haufifii upesi.

Dhana: Kifaa cha kupimia kifungwe popote, kitaona yote.
Hili ndilo kosa kubwa. Shika ufito mrefu unaopindika, uutikise polepole: wote unayumba pamoja. Ongeza kasi, utaona sehemu moja ya juu imetulia huku ncha na kiuno vikienda pande tofauti. Ufito una mitikisiko mingi, kila mmoja na kasi yake na umbo lake. Mlingoti wa unene mmoja, wa mita 10, uliokazwa chini tu bila kamba, hutulia karibu mita 7.8 kutoka chini katika mtikisiko wake wa pili, ambao ni wa kasi mara 6 na zaidi kuliko wa kwanza. Funga kifaa hapo, na mtikisiko huo hutauona kamwe, hata ukipima mwezi mzima. Ndiyo maana wapimaji hufunga vifaa kadhaa na kuvisoma kwa wakati mmoja.

Dhana: Lazima kitu kipigwe ndipo kipimike.
Upepo na mawimbi yanatosha, mradi upime kwa muda mrefu. Mitikisiko miwili ambayo idadi ya mitikiso yake kwa sekunde imepishana kwa 0.1 tu haitenganishiki vizuri ukipima chini ya sekunde 10.

Dhana: Hesabu za kompyuta zinatosha.
Hesabu haijui bolti gani imelegea, wala chaza wangapi wamegandia miguuni. Kufifia kwa mtikisiko, hasa, hupatikana kwa kupima. Mwaka 1958 Marekani ilirusha Explorer 1, satelaiti nyembamba iliyotarajiwa kuzunguka kwa mhimili wake mrefu, kama msumari unaozungushwa vidoleni. Ilikuwa na antena nne laini. Kupindika kwa antena hizo kulikula nishati ya mzunguko, na satelaiti ikaishia kubingirika kichwa kwa mkia.