Vitabu vya picha vya msaada: tunayoaminishana na ukweli wake

Mi nafundisha darasa la awali, na kila boksi la vitabu vya msaada likifika nasikia maneno yale yale, kwa wazazi na hata kwa walimu wenzangu.

La kwanza ndo linaniuma zaidi: "vifungie kabatini, watavichana." Jamani, kitabu cha kabatini kinanufaisha mchwa tu. Watachana ndio, mwanzoni, maana wengi hawajawahi kushika kitabu maishani. Mi nawaonyesha, mikono tunanawa kwanza, kurasa unashika kona ya juu kwa vidole viwili unafunua taratibu, na ikichanika tunakaa wote tunaibandika na selotepu, na hapo hapo mtoto kashajua kutunza kitu ambacho na mwenzie anakitaka.

Pili eti asiyejua herufi atasoma nini. Anasoma picha! Anajifunza hadithi inaanzia wapi, tunatoka kushoto kwenda kulia, na nikipitisha kidole chini ya maneno anaona kumbe ile michoro midogo ndo inayoongea. Ba be bi bo bu iko pale pale, na Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa kwa hiyo akishika silabi anakimbia, ila silabi tupu hazimpi mtoto hamu ya kufungua kitabu.

Halafu hili la Kiingereza. Vitabu vingi vinatoka Marekani na Uingereza, basi watu wanasema viache hivyo hivyo wazoee. Mtoto wa miaka mitano anayeongea Kiswahili au Kisukuma nyumbani, sauti asizozielewa anazikariri tu kama kasuku. Mi naandika sentensi fupi ya Kiswahili kwenye kipande cha karatasi, nabandika juu ya ile ya Kiingereza, picha inabaki. Kilichojaa theluji mwanzo mwisho nakiweka pembeni, sio kila cha bure kinafaa. Na vya kwetu vipo, Children's Book Project for Tanzania wamekuwa kwenye kazi ya vitabu vya watoto vya Kiswahili toka 1991, na African Storybook toka 2014 wameweka hadithi za bure mtandaoni, unaruhusiwa kabisa kuzitafsiri na kuziprinti.

La mwisho ni wema. Watu wanadhani unasoma hadithi af unamalizia na "haya, muwe na huruma", watoto wanaitikia "ndiyo mwalimuuu" imeisha. Huruma inakuja kwenye maswali. Kuna kitabu kina picha ya sungura wanacheza, mmoja kasimama peke yake nyuma ya mti. Mi nilikuwa nimeshafunua, binti mmoja akanirudishia ukurasa, akaweka kidole: "Mwalimu, huyu hawajamuita." Nikamuuliza huyo sungura anajisikiaje, akasema tumbo linamuuma. Nikauliza tungekuwepo tungefanyaje, darasa zima likaanza kubishana. Saa ya uji nikamuona yule binti anasogea kwenye mkeka, anapigapiga pembeni yake ili mtoto mgeni wetu wa wiki ile akae pale.